Kubadilisha mistari mingi kwa mara moja: vile fomu moja inaweza kumupa Mapendo malipo ya Murhula

Wengi kati yetu wenye tulimaliza agronomia, ekonomia ao maendeleo ya vijijini tunajikuta tunafanya kazi yenye hakuna profesa alitufundisha: kushika baze ya data ya koperative. Unafika pale kama agronome, unafikiri utashugulika na miche na magonjwa ya kahawa, kisha mwezi moja wanakuambia: «Wewe ulisoma, uko na mashini, tutengenezee programu ya kuandika kilo za wakulima.» Na wewe huwezi kukataa, juu kazi yenyewe ilipatikana kwa shida.

Programu zenyewe, mara nyingi ni PHP na MySQL, zinaanzia kwenye XAMPP katika mashini ya biro, kisha siku moja zinawekwa kwenye serveri. Hakuna ubaya hapo. Ubaya unaingia pahali moja yenye wengi wanaona kuwa ndogo: ile ukurasa yenye kuonyesha wakulima 60 kwa mara moja, kila mtu na mstari wake, na chini kabisa buto moja ya «Hifazi». Leo ninataka tuzungumuze juu ya ile buto tu. Pesa ya watu inapita pale.

Tuchukue stasio ya kuosha kahawa, kandokando ya ziwa, upande wa Kalehe ao Idjwi. Wakati wa mavuno wakulima wanaleta matunda mekundu kila siku. Matunda ya kahawa hayangojee: yanapaswa kumenywa ile ile siku, kama sivyo yanaanza kuchacha na ladha inaharibika. Kwa hiyo mwenye kupima anapima haraka, foleni ni ndefu, anaandika kwenye kaye jina na kilo. Kesho yake sekretere anaingiza yote kwenye mashini, anasahihisha, anaweka alama kwa wale wenye wamekwisha kulipwa. Ukimutengenezea ukurasa ya kufungua mkulima moja moja, atafungua, atabadilisha, atahifazi, atarudia kwenye orodha, mara 60, na koneksio yetu munaijua. Ataomba ukurasa moja yenye mistari yote. Na yuko na haki.

Sasa, kitu cha kwanza chenye kinapaswa kueleweka. Sekretere anapotazama ukurasa, anaona jina la Bahati upande wa kushoto na kilo zake upande wa kuume, katika mstari moja. Serveri haioni ile mstari. Wakati buto inafinywa, Chrome ao Firefox inatuma tu majina ya visanduku na yenye imeandikwa ndani. Jina la Bahati ni maandishi ya kupamba ukurasa, haliendi popote. Kama kisanduku cha kilo kinaitwa kilo[] kwa kila mstari, serveri inapokea kamba ya namba: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nani ni mwenye namba? Programu inapaswa kubahatisha kwa kufuata mupango.

Sisi wa agronomia tunajua hii shida vizuri. Ukiwa na shamba la majaribio lenye parsele 24, hauandiki mavuno kwa kufuata tu mwendo wa miguu yako. Unaweka etiketi kwenye kila parsele. Juu siku moja parsele ya 9 itakuwa imeliwa na mbuzi, utairuka, na kuanzia pale mavuno yote yataenda kwa jirani. Kwenye fomu, mbuzi ni kile kisanduku cha kutia alama.

Tuone kwa mfano. Mistari ine: Bahati, Mapendo, Nabintu, Murhula. Kolone ya mwisho ni kisanduku cha «amelipwa», na kinaitwa amelipwa[] kwa wote. Sekretere anatia alama kwa Bahati, Nabintu na Murhula. Mapendo bado hajalipwa, kisanduku chake kinabaki wazi. Hapa njo penye siri: kisanduku chenye hakina alama hakitumi kitu. Hakitumi «hapana», hakitumi sifuri, kinanyamaza kabisa. Serveri inapokea alama tatu, na inazipanga 0, 1, 2. Programu inaziweka kwenye mstari wa kwanza, wa pili na wa tatu. Matokeo: Bahati amelipwa, Mapendo amelipwa, Nabintu amelipwa, Murhula bado.

Tazama vile hii ni mbaya. Mapendo hakupata hata franga moja lakini mashini inasema amelipwa. Murhula amekwisha kupata zake, na mashini inasema tunamudai deni. Na kama unahesabu chini ya ukurasa ni wangapi wamelipwa, unapata watatu, sawa na kwenye kaye. Hesabu ya jumla inakubali, kwa hiyo hakuna mtu atashituka mpaka siku Mapendo atakuja kuuliza pesa yake. Na siku ile watamufungulia mashini na kumwambia: «Mama, tazama, ulishalipwa.» Mama mwenye hajui kusoma atajibu nini mbele ya mashini?

Dawa ni etiketi. Kila mstari katika baze ya data uko na namba yake yenye haibadiliki, ile tunaita id. Tuseme mapokezi ya Bahati iko na id 57, ya Mapendo 61, ya Nabintu 64, ya Murhula 70. Tunaweka ile namba ndani ya jina la kisanduku:

<input name="kilo[61]" value="38.5">
<input type="hidden" name="amelipwa[61]" value="0">
<input type="checkbox" name="amelipwa[61]" value="1">

Sasa kilo zinafika zikiwa zimeshikana na mwenyewe, hata ukipanga orodha kwa alfabeti, hata mstari moja ukitoka katikati. Na ule mstari wa pili, wenye kufichwa, unasema sifuri kwa niaba ya kisanduku chenye kunyamaza. Alama ikiwekwa, majina mawili sawa yanatumwa, na PHP inashika la mwisho, yaani 1. Alama isipowekwa, inabaki 0. Kwa hiyo ule wenye kufichwa unapaswa kutangulia. Ukiuweka nyuma, kila mtu atakuwa hajalipwa.

Usitumie jina la mtu pa nafasi ya id. Inaonekana ni jambo ya wazi, lakini nimeona WHERE jina = 'Bahati' katika programu zaidi ya moja. Kwetu huku Kivu, Bahati wako wangapi katika groupement moja? Ukiandika vile, MySQL haitakuuliza ni Bahati gani. Itawabadilisha wote, na itakujibu kwamba kazi imeenda vizuri. Na ukisahau WHERE yote nzima, wakulima wote wa koperative watapata kilo za mtu moja.

Upande wa serveri, kazi yenyewe si ndefu:

$badilisha = $baze->prepare(
"UPDATE mapokezi SET kilo = ?, amelipwa = ?, toleo = toleo + 1
WHERE id = ? AND toleo = ?");

Unatayarisha maneno mara moja, kisha unazunguka mistari yote moja kwa moja na kuituma. Zile alama za kuuliza zinazuia mtu kuingiza amri zake ndani ya kisanduku. Neno toleo nitalieleza hapa chini. Kuna wenye wanapenda kuandika amri moja ndefu yenye CASE ili kubadilisha mistari yote 60 kwa pigo moja. Inawezekana, lakini kwa mistari 60 hautaona tofauti ya wakati, na siku ya kutafuta kosa utajuta. Wengine wanatumia INSERT ... ON DUPLICATE KEY UPDATE. Mimi siipendi kwa kazi hii: kama id imekosewa, UPDATE haitabadilisha kitu, lakini ile ingine inaweza kuunda mapokezi mpya yenye haikuletwa na mtu.

Kabla ya kutuma, kuna jambo la virgule. Sisi tulifundishwa kwa Kifaransa, tunaandika 43,5. PHP inajua nukta tu. Ukigeuza maandishi «43,5» kuwa namba kwa (float), inasoma mpaka kwenye virgule na inaacha hapo: 43. Hakuna kilio, hakuna onyo. Nusu kilo imepotea, na kwa mkulima mwenye analeta matunda kila siku mbili katika mavuno yote, si kitu ya kucheka. Badilisha virgule kuwa nukta kwanza, kisha uhakikishe kwamba kilichobaki ni namba kweli, si herufi, si chini ya sifuri, na si 4350 juu mtu alisahau virgule. Na kolone ya kilo iwe DECIMAL, hata ya pesa vilevile. FLOAT inafaa kwa vipimo vya labo, si kwa deni la mtu.

Tuingie sasa katika kukatika kwa umeme. Serveri iko katika biro, mistari 60 inaingia, umeme unaenda kwenye mstari wa 31. Kama haukufanya kitu cha pekee, mistari 30 ya kwanza imekwisha kubadilika na 30 ya mwisho bado. Sekretere hajui ilikatikia wapi. Transaksio njo inasaidia hapa: unaanza na beginTransaction(), unapitisha mistari yote, na mwishoni tu unasema commit(). Mpaka ile neno ya mwisho isemwe, baze ya data inahesabu kwamba hakuna kitu kilifanyika. Umeme ukirudi, yenye haikumalizwa inafutwa yenyewe. Ni yote ao hakuna.

Lakini uangalie aina ya meza yako. Katika MySQL, transaksio inafanya kazi kwenye InnoDB, haifanyi kazi kwenye MyISAM. InnoDB ilikuwa chaguo la kawaida tangu MySQL 5.5, mwaka 2010, lakini kuna meza za zamani zenye zinanakiliwa kutoka mradi mpaka mradi, na bado ni MyISAM. Kibaya ni kwamba MyISAM haikatae beginTransaction(). Inaipokea, inanyamaza, na inabadilisha mstari moja moja kama zamani. Fungua phpMyAdmin, tazama kolone yenye kuonyesha aina ya kila meza, ni dakika moja. Na kama serveri yako bado iko na PHP ya mbele ya 8.0, mwambie PDO itoe kilio kukiwa kosa (ERRMODE_EXCEPTION), juu zamani ilikuwa inanyamaza, na programu ilikuwa inaendelea mpaka kwenye commit kama vile hakuna kitu.

Kukatika kwa rezo ni shida ingine, tena ya ujanja zaidi. Fomu imefika kwenye serveri, serveri imemaliza kazi, lakini jibu linapotea njiani. Sekretere anaona ukurasa mweupe. Atafanya nini? Atafinya tena. Kila mtu angefanya vile. Kama programu yako inasema «kilo ziwe 43,5», kufinya mara mbili ao mara tano hakubadilishi kitu, inabaki 43,5. Lakini kama inasema «ongeza 43,5 juu ya zenye ziko», Bahati amekwisha kupata 87 bila kupanda hata mti moja. Kwa hiyo usiongeze jumla moja kwa moja. Andika kila mapokezi kwenye mstari wake, na namba ya tike yenye haiwezi kurudiliwa, kisha jumla ihesabiwe kutoka pale kila mara inapoombwa.

Sasa ile toleo. Tuseme sekretere na jerani wanafungua orodha moja saa mbili asubui, kila mtu kwa mashini yake. Jerani anasahihisha kilo za Nabintu kutoka 34 kuwa 43, juu mwenye kupima aligeuza namba. Anahifazi. Sekretere hajui. Saa tatu anatia alama moja kwa Bahati na anahifazi ukurasa wake. Lakini ukurasa wake ulikuwa unashika bado 34 ya Nabintu, na fomu inatuma mistari yote, hata yenye hakugusa. Kilo 9 za Nabintu zimefutwa na mtu mwenye hakumuangalia hata kidogo.

Kolone ya toleo inazuia ile. Kila mstari uko na namba ya toleo, tuseme 3. Ukurasa unaibeba katika kisanduku chenye kufichwa. Wakati wa kubadilisha, tunasema: badilisha kama id ni 64 na toleo bado ni 3, na uifanye 4. Kama jerani alipita mbele, toleo ni 4 tayari, amri haipati mstari wa kubadilisha, na rowCount() inarudisha 0. Hapo tunarudisha yote nyuma kwa rollBack() na tunamuonyesha sekretere: mstari wa Nabintu ulibadilishwa na mtu mwingine, ilikuwa 34, sasa ni 43. Tafazali, ukifanya vile usimufutie yenye alikuwa amekwisha kuandika. Mrudishie ukurasa wake na namba zake zote, na mstari moja tu wenye rangi. Mtu mwenye amepoteza kazi ya saa nzima kwa ajili ya usalama wa baze yako, kesho atatafuta njia ya kuizunguka, na atarudia kwenye Excel.

Dawa ingine yenye inapunguza hii shida: tuma tu mistari yenye ilibadilika. JavaScript kidogo inatosha, ao serveri inalinganisha kwanza na yenye iko ndani. Itakusaidia pia kwa jambo lenye linafuata, lenye naona wengi hawajui.

PHP iko na kipimo chenye kinaitwa max_input_vars. Kwa kawaida ni 1000. Maana yake: fomu moja ikileta visanduku zaidi ya 1000, yenye inapita inakatwa na haifike. Onyo linaandikwa kwenye faili ya makosa ya serveri, lakini sekretere haisomi. Uhesabu: kwa kila mstari uko na kilo, amelipwa yenye kufichwa, amelipwa yenye alama, na toleo. Ni visanduku vine. Wakulima 250 wote wakiwa na alama, tayari uko kwenye 1000. Wakati koperative ilikuwa na watu 80, programu ilikuwa sawa. Wamefika 300, na wale wenye majina yao yanaanza na herufi za mwisho hawabadiliki tena, hata wakihifaziwa mara kumi. Watu watasema ni uchawi ao ni ubaguzi.

Unaweza kupandisha kipimo katika php.ini, lakini afazali ugawanye orodha kwa kurasa za watu 50, kufuatana na vijiji ao siku. Na uweke kisanduku chenye kufichwa mwisho kabisa wa fomu, baada ya mstari wa mwisho, tukiite mwisho. Kwa kuwa kukata kunaanzia nyuma, yeye njo atakuwa wa kwanza kupotea. Serveri ikiona mwisho haikufika, ikatae ukurasa mzima.

Jambo la ruhusa nitalipita haraka, ila lisisahaulike. Ile id 61 katika ukurasa, mtu yeyote mwenye anajua kufinya F12 anaweza kuifanya 612. Kama 612 ni mapokezi ya stasio ingine, programu yako itakubali ama itakataa? Ongeza stasio katika WHERE, na stasio hiyo uitoe kwenye sesio ya mwenye ameingia, hapana kwenye fomu.

Mwisho, weka meza ya pili yenye kuandika kila badiliko: id ya mapokezi, namba ya zamani, namba mpya, nani, saa ngapi. Iandikwe ndani ya ile ile transaksio, kusudi isitokee badiliko bila alama ao alama bila badiliko. Meza ile haibadilishwe na mtu, hata prezida wa koperative. Na kila mara buto ya Hifazi inafinywa, programu isijibu tu «Sawa». Ijibu: mistari 3 imebadilika, na iitaje. Bahati 40 kuwa 43,5. Nabintu amelipwa. Murhula amelipwa. Sekretere atalinganisha na kaye yake, mstari kwa mstari, akiwa bado anakumbuka, na ile karatasi inaweza kuchapishwa na kubandikwa kwenye mulango wa stasio, pahali Mapendo ao mtoto wake mwenye anasoma atapita asubui kuangalia.